Falun kwa siku moja: anza na mgodi wa shaba, malizia makumbusho ya Dalarna

Watu wengi wa kwetu wanaoishi Stockholm, Uppsala au Västerås wakipata wikendi ndefu wanaishia kwenye maduka makubwa au wanapanda ile meli ya kwenda Finland. Sina ugomvi na meli, ila kuna safari ya treni ya masaa kama mawili na nusu mpaka matatu hivi ambayo watu wanaipita tu, nayo ni Falun, makao makuu ya mkoa wa Dalarna. Pale kuna vitu viwili vimekaa karibu karibu: mgodi wa zamani wa shaba ambao UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2001, na makumbusho ya mkoa, Dalarnas museum, yenye mavazi, michoro ya ukutani, farasi wa mbao, fidla na mambo mengine ya wakulima wa zamani. Watu wengi wanachagua kimoja wanaacha kingine, baba na watoto wa kiume mgodini, mama na wageni makumbusho. Mi nasema nenda kote kote siku hiyo hiyo, na ufuate mpangilio: mgodi asubuhi, mji mchana, makumbusho alasiri. Ukianza na makumbusho utaona rangi nzuri na farasi wazuri utapiga picha utaondoka, lakini hutajua kwanini nyumba nyingi za Uswidi ni nyekundu wala kwanini watu wa mkoa huu walikuwa wanatembea kwa miguu mpaka Stockholm kutafuta vibarua. Ndio, na wenyewe walikuwa wanatafuta vibarua. Tutafika huko.

Hatua ya kwanza: chagua siku vizuri

Kiangazi, yani kuanzia Juni mpaka Agosti, ndo rahisi zaidi, mgodi unakuwa na matembezi mengi kwa siku na mwanga upo mpaka usiku. Majira mengine matembezi yanapungua, siku nyingine yapo machache sana, kwahiyo usiende kichwa kichwa, ingia kwenye tovuti ya Falu Gruva, ndo jina la mgodi wenyewe, ukate tiketi ya muda maalum kabla hujakata ya treni. Wengi wanafanya kinyume, treni kwanza kwasababu ilikuwa bei rahisi, halafu wanakuta matembezi ya chini ya ardhi yamejaa. Masaa ya makumbusho nayo yacheki wiki hiyo hiyo, maana yanabadilika kwa msimu na sikukuu.

Angalizo la Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi: ile Ijumaa ya mwishoni mwa Juni Uswidi nzima inafunga, sehemu nyingi za kutembelea milango kufuli. Ukitaka kuona watu wamevaa mavazi ya asili wanacheza kuzunguka ule mti mrefu uliopambwa majani, Dalarna ndo penyewe hasa, hasa Leksand na Rättvik kando ya ziwa Siljan, lakini siku hiyo usipange makumbusho. Panga ngoma tu.

Hatua ya pili: usafiri na hela

Treni zinatoka Stockholm Central, nyingine zinaenda moja kwa moja, nyingine unabadilisha njiani, mara nyingi Borlänge au Gävle. Tiketi ikikatwa mapema bei inashuka sana, ikikatwa jana yake utalia. Wenye gari ni kama kilomita 220 hivi, na ukipita barabara ya 70 pale Avesta utaona farasi mwekundu wa zege mkubwa kuliko nyumba, ana urefu wa mita 13, watoto watapiga kelele simamisha gari simamisha gari. Simamisha, hakuna ubaya.

Noti usibebe kwa kutegemea. Uswidi sehemu nyingi hawapokei kabisa, ni kadi. Wageni wako waliotoka Dar au Mombasa na Lubumbashi hawatakuwa na Swish, ile programu ya kulipa kwa simu, kwasababu inataka akaunti ya benki ya hapa na namba ya utambulisho, hivyo wawe na Visa au Mastercard inayofanya kazi nje, au we mwenyeji ulipe afu mmalizane nyumbani.

Hatua ya tatu: nguo

Hapa watu wanadharau. Ni Julai, jua kali, nyuzi 25, mtu anakuja na sandozi na kaptula, anashuka mgodini anakuta nyuzi 5 au 6. Chini kule joto halibadiliki, iwe Januari iwe Julai ni baridi ile ile, na maji yanadondoka kutoka juu, na sakafu ina utelezi. Vaa viatu vilivyofunga na soli ya kushika, beba sweta, mtoto mpe na kofia ya sufu ndani ya helmeti. Wao wanatoa helmeti na koti la juu la kuzuia maji na uchafu. Wadada wenye mtandio hakuna tabu, helmeti inakaa juu yake, ila funga vizuri isiwe na ncha zinazoning'inia kwasababu njia nyingine ni nyembamba.

Mwenye goti bovu au presha na anayeogopa sehemu zilizojifunga asilazimishwe. Ngazi ni kama 400 na mnashuka mpaka mita 67 chini, matembezi ni saa moja hivi. Kigari cha mtoto hakishuki. Uliza mapema kuhusu lifti na umri wa watoto, wasiliana nao kabla, wanajibu vizuri. Atakayebaki juu hajakosa yote, shimo kubwa na jumba la makumbusho ya mgodi viko juu.

Hatua ya nne: kabla ya kushuka, simama kwenye ukingo wa shimo

Kutoka stesheni mpaka mgodini ni kama nusu saa kwa miguu ukienda taratibu, mabasi ya mjini pia yapo. Ukifika usikimbilie kwenye tiketi. Nenda kwanza kwenye ukingo wa shimo linaloitwa Stora Stöten. Ni shimo la karibu mita 95 kwenda chini na upana unaofika mita 350 na zaidi, kuta zake zina rangi ya kutu, njano, zambarau. Watu wanadhani limechimbwa hivyo. Hapana, liliporomoka.

Stori yake iko hivi. Kulikuwa na mashimo makubwa kadhaa na mahandaki chini yake, na kwa miaka mingi watu walichimba kila mmoja anapopaona panalipa bila ramani ya maana, nguzo za mwamba zikazidi kuwa nyembamba. Juni 1687, siku ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, kuta zote zikaanguka kwa pamoja. Na kwasababu ilikuwa moja ya siku chache sana za mapumziko kwa mwaka, hakukuwa na mtu chini. Hakufa hata mmoja. Siku ya kawaida wangekuwa mamia chini kule. Na wewe ukishajua hilo unaliangalia lile shimo kwa jicho lingine.

Sasa kwanini walichimba hivyo? Kwasababu hela ilikuwa nyingi mno. Katikati ya karne ya 17 mgodi huu mmoja ulikuwa unatoa kama theluthi mbili ya shaba yote ya Ulaya, mwaka 1650 ndo kilele chenyewe, karibu tani 3,000. Hiyo hela ndo iliyoibeba Uswidi kwenye vita vya miaka thelathini na kuifanya taifa kubwa kwa muda. Wale wa Katanga mtaelewa haraka kuliko wengine, mkoa wenu wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, na mnajua mji mzima ukiishi kwa mgodi mmoja unakuwaje, na mgodi ukifunga unakuwaje. Hapa ulifungwa Desemba 1992, baada ya kama miaka elfu moja ya kuchimba.

Na ndo kipindi hicho hicho cha utajiri, 1649, ilianzishwa Kampuni ya Afrika ya Uswidi kwa mtaji wa Louis de Geer, tajiri wa viwanda vya chuma na silaha, wakajenga ngome ya Carolusborg pale Cape Coast, Ghana ya leo. Biashara ilikuwa dhahabu na pembe, na binadamu pia. Usitegemee kusikia habari hii kwenye kila matembezi, kwahiyo uliza. Mtembezaji mzuri atafurahi kuulizwa swali lisilo la kila siku.

Hatua ya tano: chini

Mkikusanyika, kaa karibu na mtembezaji, sio mwisho wa mstari, kwasababu sauti inapotea kwenye mahandaki. Yapo matembezi ya Kiswidi na ya Kiingereza, angalia ulichokata. Kama unasoma SFI, yani kozi ya Kiswidi kwa wahamiaji, jaribu ya Kiswidi, maneno mengi yanajirudia: gruva ni mgodi, koppar ni shaba, berg ni mlima au mwamba, schakt ni shimo la wima. Ukiyashika hayo manne utafuata nusu ya stori.

Vitu vya kuangalia chini:

Alama za moto. Kabla ya baruti kutumika sana walikuwa wanapasua mwamba kwa kuni. Unapanga kuni ukutani jioni, unawasha, moto unaunguza usiku kucha, asubuhi mwamba umepasuka pasuka wanakuja kuubomoa kwa nyundo na vyuma. Ndo maana kuta za sehemu nyingine ni laini na zimejipinda kama zimepakwa kwa mkono. Fikiria moshi wake. Carl von Linné, yule bwana wa majina ya mimea, alishuka hapa 1734 akiwa kijana na alichoandika kinafanana na maelezo ya jehanamu, moshi, salfa, giza, watu weusi kwa masizi na jasho. Miaka mitano baadae akarudi kuoa binti wa hapa hapa Falun, kwahiyo hakuchukia kila kitu.

Shimo la Creutz. Lina kina cha mita 208, na mtembezaji atakuonyesha ule ukuta wa magogo uliosimama ndani yake kutoka juu mpaka chini. Kuna wanaodondosha kitu kusikiliza, usifanye bila kuambiwa.

Saini za wafalme ukutani. Kila mfalme aliyepita aliandika jina lake. We usiandike.

Halafu kuna huyu mwanamke wa mgodi, Gruvfrun. Wachimbaji waliamini mgodi una mwenyewe, na ukiwa chini hupigi mluzi wala hutukani, la sivyo atakasirika na mawe yatakuja. Kwetu sisi tuliokulia sehemu zenye mizimu ya mlima na mashetani ya baharini hakuna cha kushangaa hapo, wazungu wenzetu ndo wanacheka. Usipige mluzi tu.

Na stori kubwa ya chini ni ya Mats Israelsson, wanayemwita Fet-Mats. 1677 kijana huyu alipotea mgodini. 1719, miaka 42 baadae, wachimbaji wakafungua sehemu iliyokuwa imefukiwa wakakuta maiti ya kijana mzima, nyama na nywele, haijaoza, maji ya vitrioli, yani yale yenye chumvichumvi za shaba na chuma, yalikuwa yameitunza. Hakuna aliyemjua. Mpaka akaja bibi kizee mmoja, Margareta Olsdotter, akasema huyu ni mchumba wangu. Yeye amezeeka, mchumba bado kijana. Baada ya hapo maiti ikawekwa maonyesho kwa miaka mingi, kitu ambacho kwakweli sikipendi, na ikaja kuzikwa rasmi 1930 pale kanisa la Stora Kopparberg. Ukiwa na watoto wadogo mtembezaji anaisimulia kwa namna nyepesi, usihofu.

Hatua ya sita: makumbusho ya mgodi, haraka haraka

Ukitoka chini utakuwa na baridi na njaa, ila pita kwanza kwenye jumba la juu la mgodi, Gruvmuseet, nusu saa inatosha. Tafuta sarafu. Uswidi ilikuwa na shaba nyingi kuliko fedha, wakaamua hela itengenezwe kwa shaba yenye thamani kamili, matokeo yake ni bamba la daler 10 la mwaka 1644 lenye uzito wa karibu kilo 20. Sarafu moja kilo 20! Ukitaka kwenda sokoni unahitaji punda. Haishangazi kwamba Waswidi walikuwa wa kwanza Ulaya kuchapisha noti za karatasi, 1661.

Tafuta pia habari ya barua ya 1288. Ni hati ya askofu Peter wa Västerås akijirudishia sehemu yake ya moja kwa nane ya mgodi, na wanaihesabu kama ushahidi wa zamani zaidi wa hisa ya kampuni uliobaki duniani. Wale wa vikoba na soko la hisa la Dar mnayo mada hapo.

Mashine za Christopher Polhem, mhandisi wa zamani wa Uswidi, zipite kwa kuangalia michoro na modeli, watoto wanapenda sana, wakubwa wanachoka.

Hatua ya saba: tembea mjini, kula

Kutoka mgodini shuka kwa miguu kupitia Elsborg. Huu ni mtaa wa zamani wa wachimbaji, nyumba za mbao zimebanana, nyekundu nyekundu zote. Hapa ndo upate jibu la ile rangi. Mawe yaliyobaki baada ya kutoa shaba yalirundikwa yakakaa hewani miaka na miaka yakaoza yakawa udongo wa kutu, wakauosha, wakauchoma, wakausaga, na kuupika na maji, unga wa rai na mafuta ya kitani. Rangi inazuia mbao kuoza na inakaa miaka. Falu rödfärg ndo hiyo, na inatengenezwa mpaka leo kutokana na marundo ya mgodi huo huo. Mwanzoni walipaka matajiri ili nyumba ya mbao ionekane kama ya matofali, baadae ikashuka mpaka kwa mkulima na zizi la ng'ombe, kiasi kwamba ukipiga picha shamba lolote Uswidi unapiga picha taka za mgodi wa Falun.

Chakula: tafuta dagens rätt, chakula cha mchana cha bei ya kawaida chenye saladi, mkate na kahawa ndani yake, ila mara nyingi kinaisha saa nane mchana kwa saa zetu, yani 14:00, ukichelewa utalipa bei ya menyu. Falukorv, ile soseji nene yenye umbo la pete, imetoka hapa hapa kwa sababu ya mgodi: kamba za kupandishia mawe zilisukwa kwa ngozi za ng'ombe dume, ngozi nyingi maana yake nyama nyingi, wachimbaji wa Kijerumani waliokuwa wanajua kutengeneza soseji wakaivukiza. Waislamu, angalia: ya siku hizi mara nyingi imechanganywa nguruwe. Neno la kutafuta kwenye karatasi ni fläsk au griskött. Usimwamini mtu anayesema "hiyo ni ng'ombe tu" bila kusoma.

Hatua ya nane: Dalarnas museum, na hapa usiharakishe

Iko katikati ya mji karibu na mto, kutoka stesheni ni dakika kumi hadi kumi na tano. Makoti na mabegi weka kwenye makabati, picha bila flashi, ukiwa na shaka uliza mapokezi. Maelezo mengi ni ya Kiswidi na mengine yana Kiingereza, kamera ya simu yenye tafsiri itakusaidia ila kwenye herufi za zamani inatoa vichekesho.

Anza na michoro. Ni mtindo unaoitwa kurbits, maua makubwa ya kupindapinda yanayopanda juu ya vichwa vya watu kama mti. Huo mmea ni ule mtango ambao Mungu aliuotesha umfunike Yona asiunguzwe na jua. Wachoraji walikuwa wakulima wa kawaida wa Leksand na Rättvik, karibu mwishoni mwa miaka ya 1700 mpaka katikati ya 1800, na wengi hawajawahi kufika popote penye jangwa, kwahiyo wakachora Biblia kama wanavyoona nje ya dirisha. Mamajusi wamepanda farasi wamevaa makoti ya kijeshi ya Kiswidi. Wanawali kumi, watano wenye busara na watano wapumbavu, wamevaa nguo za Jumapili za kijijini. Ninawi ina nyumba za Dalarna. Chukua muda wa kusoma mchoro mmoja mzima kuliko kupita ishirini. Kama umekulia kanisani cheza mchezo na watoto: nani atatambua stori kabla ya kusoma maandishi? Watu wa kwetu tunashinda hapa, kwasababu Waswidi wengi wa leo hizo stori wamezisahau.

Tafuta pia ngazi ya umri, mchoro unaopanda ngazi kutoka utotoni mpaka miaka 50 juu kabisa afu unashuka mpaka uzee. Miaka 50 ndo kilele! Inafariji.

Kisha mavazi. Kila parokia ina lake, na mtu wa zamani angejua unatoka wapi kwa kukuangalia tu. Rättvik ina sketi yenye kipande cha mistari ya rangi mbele kinachofanana na aproni. Dala-Floda ina nakshi za uzi wa sufu, maua mazito mekundu yaliyojaa. Leksand walikuwa na kalenda nzima ya nini kivaliwe Jumapili gani, na rangi zinabadilika kwa sikukuu au kwa msiba, ukikosea kanisa zima linakuona. Mashangazi zetu wangelielewa hilo bila maelezo. Dada zangu mnaoshona, angalieni mishono ya ndani kama wameonyesha, mtajifunza zaidi kuliko kwenye mavazi ya mbele.

Halafu nenda kwenye sehemu inayoelezea maisha na kazi, na hapa ndo nilikuahidi. Dalarna wana desturi ya kugawa ardhi kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, na kizazi baada ya kizazi mashamba yakawa vipande vidogo kama vihamba vya Marangu. Haitoshi kula mwaka mzima. Ndo maana kila kijiji kikawa na kazi yake ya mikono, Mora walitengeneza saa ndefu za kusimama zenye kiuno, vijiji vingine vikapu, mapipa, mashoka. Na watu wakaondoka. Vijana wa kiume na wa kike walikuwa wanatembea kwa miguu mpaka Stockholm kila mwaka, wanawake wa Dalarna wamepiga makasia ya mitumbwi ya kuvusha watu mjini, wamebeba vifaa vya ujenzi, wamelima bustani za matajiri. Wa Våmhus walijifunza kusuka vito vya nywele za binadamu, pete, heleni, mikufu, na wakazunguka nazo mpaka Urusi, Ujerumani na Uingereza. Wachoraji wa kurbits nao walikuwa wanahama kijiji hadi kijiji wakichora kwa malipo ya chakula na malazi na hela kidogo. Yani hii sanaa unayoiona kama "utamaduni wa asili" uliotulia sehemu moja, nusu yake imeletwa na watu waliokuwa njiani. Mtu anayetuma hela nyumbani kila mwezi asipite haraka sehemu hii.

Wengine wako ambao hawakwenda popote ila walikwenda juu: wasichana waliopelekwa fäbod, mashamba ya msituni ya kiangazi, kuchunga ng'ombe na mbuzi na kutengeneza jibini. Walikuwa wanaita mifugo kwa kulning, sauti nyembamba ya juu sana inayosafiri kilomita kadhaa. Kama kuna kifaa cha kusikilizia, vaa. Mfugaji yeyote ataelewa ng'ombe anaitwa, haombwi.

Farasi wa mbao wako hapa pia, wa zamani, waliochakaa, wengine hawana hata rangi. Walichongwa na watu waliokaa misituni wakikata magogo majira ya baridi, wakawaletea watoto. Umaarufu wa dunia ulikuja baada ya maonyesho ya New York ya 1939. Fidla zimejaa, chumba cha vitabu cha Selma Lagerlöf kimejengwa upya humo ndani, yule mwandishi aliyeishi Falun kuanzia 1897 na akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya fasihi, 1909. Hapo mi napita dakika tano, mwenye kupenda fasihi abaki.

Hatua ya tisa: cha kununua

Farasi wa Dalarna wa kweli anachongwa kwa msonobari na kupakwa kwa mkono, na viwanda viwili vya familia vya Nusnäs karibu na Mora ndo vinavyojulikana zaidi. Jinsi ya kumtambua: angalia yale maua ya mgongoni, mstari mmoja una rangi mbili zinazochanganyika ndani yake, kwasababu brashi moja imechovywa rangi mbili. Ikiwa rangi moja moja imekaa bapa kama stika, huyo ametoka kiwandani mbali. Bei ya wa kweli inauma hata kwa saizi ya kidole, kwahiyo nunua mdogo mmoja mzuri uache wakubwa watatu feki. Ukimpelekea mtu nyumbani mweke kwenye begi la mkononi, miguu na masikio yanavunjika.

Kopo la rangi nyekundu pia watu wananunua kama zawadi, ni wazo zuri ila kwenye ndege usilibebe mkononi, ni kimiminika. Kama una nyumba ya mbao au banda la kuku hapa Uswidi chukua, ni nzuri kwa mbao isiyorandwa, kwenye mbao laini haishiki.

Ukilala usiku mmoja

Asubuhi panda basi la Dalatrafik mpaka Sundborn, kama kilomita 13, kwenye nyumba ya wachoraji Carl na Karin Larsson. Mnaingia na mtembezaji kwa saa maalum, kwahiyo nayo inakatwa mapema. Karin ndo aliyefuma na kubuni vitu vingi vya ndani na kwa muda mrefu sifa zilikuwa za mumewe, muulize mtembezaji kuhusu yeye. Au nenda Rättvik, ukae kando ya ziwa Siljan, ambalo liko kwenye ukingo wa shimo la kimondo kilichoanguka karibu miaka milioni 380 iliyopita. Kule kuna gammelgård, uwanja wa nyumba za zamani za magogo zilizohamishwa na kukusanywa sehemu moja, wazo lile lile la Kijiji cha Makumbusho pale Dar kilichofunguliwa 1966, tofauti ni kwamba hapa unaweza kukuta wanacheza fidla nyasini na kahawa inauzwa kwenye zizi la zamani.

Leksand nako kuna chuo cha wananchi, folkhögskola, na kama umesoma au kumfahamu mtu aliyesoma kwenye vyuo vya maendeleo ya wananchi Tanzania, vile vilivyoanza 1975, asili yake ni mfumo huo, Mwalimu aliuona Uswidi akaupenda. Huhitaji kuingia ndani, ila ukiwa na mzee aliyepita vyuo hivyo vya kwetu (FDC) mpeleke akapige picha getini.

Treni ya kurudi usikate ya mwisho kabisa ya siku. Ikifutwa mtalala stesheni au mtalipa hoteli, na Jumapili jioni zinajaa, kata ya moja kabla ya mwisho na uchague kiti.